Siku Niliyowarudisha Akina Mama wa Mwethya

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninaposhika timazi kupima ukuta. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kwetu Mitaboni. Nilikuwa namjengea mama nyumba ya mawe. Kifua chake kilikuwa kibovu na paa lake la zamani lilivuja. Alitaka kitu kimoja tu, alale pakavu kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Ujenzi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuchungulia mafundi mjini Machakos, na kwa kuwa sikuwa na cheti niliogopa sana kuchekwa. Kosa dogo lilininyima raha.

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu yetu ya mwethya, kikundi cha akina mama wanaosaidia boma moja leo na jingine kesho. Walifika na makarai, tayari kutuletea mchanga kutoka mtoni. Mimi nilikuwa nimegundua kona moja imepinda kidogo, pengine unene wa kidole. Nilikuwa nimeibomoa. Nikawaambia warudi nyumbani hadi nitakapomaliza, maana sikutaka vurugu karibu na ukuta wangu.

Mama Ndunge, kiongozi wao, alitua karai lake.

"Mutisya, mchanga tukiumwaga pale kando, utakula kona yako?"

Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwamba nataka kazi moja iishe vizuri ndipo nyingine ianze.

"Haya, ngoja. Lakini zamu yenu ndiyo hiyo imepita. Na mvua si mmoja wetu, hatuwezi kuiambia irudi kesho."

Mama yangu alisikia yote kutoka jikoni. Aliwapa uji, wakanywa wakiwa wamesimama, wakaenda.

Kona ilinyooka. Lakini mchanga ulipoisha sikuwa na wa kuuleta, na kikundi kilikuwa mbali, katika mashamba ya watu. Mbao za paa nazo sikuwa nimeagiza, kwani nilisema nitaagiza kuta zikifika juu. Mvua ikazinyeshea kuta zikiwa wazi. Mama akalala jikoni, ndani ya moshi, msimu mzima, na kikohozi hakikumwacha tena. Nyumba niliiezeka baadaye. Watu wa kwanza kukaa ndani yake walikuwa waombolezaji wa mama. Waliisifu ile kona.

Mwanangu, ukijenga, jiulize kwanza ni kazi gani haiwezi kuanza bila nyingine. Paa litangoja ukuta, hapo huna la kufanya. Lakini mchanga, mbao na milango vitafute ukiwa bado unachimba msingi. Ukikwama mahali, rekebisha hapo, na wengine waendelee kwingine. Siku ambayo watu wamekupa mikono yao usiipoteze, maana hujui itarudi lini. Sikuambii ujenge ovyo. Mimi mwenyewe hofu ile haijaniisha. Mungu akupe mikono mizuri, na unaowajengea awaweke hai mpaka waingie ndani.