Kinubi, Siyo Chupa

Mwaka jana Ña Deolinda Cabañas, yaani Bi Deolinda wa mtaani kwetu, alipanda jukwaa la tamasha na kinubi chake, mtangazaji akamtambulisha kuwa mcheza ngoma ya chupa. Ngoma hiyo kwetu huchezwa na wasichana, chupa zimepangwa kichwani, sketi zinazunguka. Deolinda ana miaka sitini na ushei, na haoni tangu utotoni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia alicheka, lakini zamu za vinubi zilikuwa zimejaa, akarudi nyumbani bila kugusa hata uzi mmoja. Mimi ndiye niliyembebea kinubi njia nzima, na hakuwa akicheka tena.

Kosa lilikuwa la jirani yetu Ninfa, aliyemjazia fomu ya tamasha kwenye simu bila kuvaa miwani. Ukurasa ule ulionyesha makundi ya wasanii kwa vipicha vitupu bila majina: kinubi, gitaa, chupa. "Vyote vilikuwa virefu," Ninfa alijitetea.

Basi mwaka huu Deolinda akaapa kujiandikisha mwenyewe. Simu yake humsomea kila kitu kwa sauti. Kwa simu hiyo huagiza nyama na kugombana na dada yake aliyeko Ajentina. Siku ya mwisho ya kujiandikisha tulikuwa uani, Ninfa akimimina maji ya barafu kwenye kikombe cha tereré, kinywaji chetu cha majani, tukipokezana mrija. Simu ikasoma: "Picha. Picha. Picha." Kisha: "Thibitisha kuwa wewe si roboti. Chagua picha zenye baiskeli."

"Zipi hizo?" Deolinda akaiuliza.

"Picha," simu ikajibu.

"Lete nikubonyezee," Ninfa akasema.

"Wewe tafuta miwani yako, shoga. Ulishanichezesha ngoma mara moja, inatosha."

Akapiga simu ofisi ya tamasha. Akapokea karani kijana, Librado, mwenye adabu zake.

"Rahisi tu, mama. Nipe jina, nikuandikishe mimi."

"Mwanangu, sitaki kuandikishwa, nataka kujiandikisha. Mwakani ukihama hapo nianze tena kutafuta mwenye macho? Hebu fungua ukurasa huo. Thibitisha wewe kwanza."

Tukamsikia akinong'ona. "Hii baiskeli. Hii gurudumu tu, sijui linahesabika?" Akakataliwa. Akamwita mkuu wake, Don Eladio.

"Bonyeza na hiyo," mkuu akasema.

"Hiyo pikipiki, Don."

"Ikiisha mafuta si unaisukuma? Bonyeza."

Wakakataliwa wote wawili.

"Basi hapo mko roboti wawili, na mimi watatu," Deolinda akasema. "Sasa kinubi atapiga nani?"

Don Eladio akaangua kicheko. Akampigia fundi wa ukurasa ule papo hapo. Sisi tukangoja. Deolinda alikuwa akichezesha vidole gotini, anapiga wimbo ambao hakuupiga mwaka jana. Niliona uchungu.

Jua likiwa linapungua makali, Librado akapiga simu. "Jaribu sasa, mama."

Safari hii kila kipicha kilikuwa na jina lake, na simu ikalisoma: "Kinubi. Gitaa. Ngoma ya chupa." Likaja swali la roboti: "Tereré hunywewa kwa maji gani, ya moto au ya baridi?"

Deolinda alivuta mrija taratibu, akaandika: baridi.

"Umejiandikisha, Deolinda Cabañas. Kinubi."

Akairudisha simu isome tena, na tena. Ninfa akapangusa macho akisingizia vitunguu, na hakuna aliyekuwa akipika. Siku hizi naye ameiwasha sauti ile kwenye simu yake. Anasema ni kwa ajili ya kuipumzisha miwani.

Siku ya tamasha mtangazaji alisoma jina na kinubi, bila chupa. Deolinda akaugeuzia uso umati.

"Mmesikia lakini?" akauliza, ndipo akapiga.

Nilimbebea kinubi tena njia nzima kurudi, na alikuwa akiimba kwa sauti hadi mbwa wa mtaa wakatufuata.