Toleo la Zamani Nililolifuta

Tulikuwa watatu ofisini Kizota: mimi, mdogo wangu Neema niliyemlea tangu wazazi wafariki, na mwenzake Juma. Wao huandika vifurushi vya programu, vipande ambavyo programu za watu wengine huvitumia ndani yake. Mimi, niliyeishia darasa la saba, huvichapisha mtandaoni. Siku hiyo nilichapisha toleo jipya la kifurushi kimoja, nikafuta la zamani kama bidhaa iliyochacha, nikajisifu kwa usafi.

Simu ikaita. Fundi aliyekuwa akifunga programu ya kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati huko Kondoa alikwama, na foleni ilifika nje.

Neema akafungua orodha ya programu zinazotegemea toleo lile. Ikashuka, ikashuka, hadi programu za nchi nisizozijua.

“Nani kalifuta?” akauliza.

“Mimi.”

“Kaka msafi,” akasema Juma.

Neema alilirudisha, akamwambia fundi mtandao ulisumbua. Bado nadaiwa kumpigia fundi yule simu na kusema ukweli.