Alama Moja Mbele ya Namba ya Lori

Siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na Bandari ya Mtwara, na programu ya kutafuta mizigo ya korosho niliiandika mwenyewe. Msimu ulipopamba moto ikawa nzito. Karani akiandika namba ya lori, dereva anasubiri hadi anasinzia. Nikamwambia bosi wangu, Mama Salima, kwa kujiamini kabisa, "Mashine imechoka, mama." Akaniamini, akaagiza mpya kutoka Dar.

Ilipofika na kufungwa, nikawaita madereva waje waone. Nikaandika namba, nikabonyeza. Tukangoja. Tukaendelea kungoja.

Dada Neema, mtaalamu aliyeileta mashine, akaomba kuona amri yangu ya kutafuta.

"Kaka, faharasa umeweka vizuri, namba zimepangwa kama maneno kwenye kamusi," alisema kwa upole. "Lakini mbele ya namba umeweka alama ya asilimia, yaani ianze na chochote. Sasa kompyuta itaanzia wapi? Inaiacha faharasa, inasoma rekodi zote, moja moja."

Niliiweka ili karani akisahau herufi za mwanzo asikwame. Dada Neema akaifuta. Jibu likatokea papo hapo, madereva wakapiga makofi.

Mama Salima hakupiga. "Hebu jaribu na kwenye ile mashine ya zamani," alisema.

Nikaifuta alama na huko, nikabonyeza. Ikajibu upesi vilevile. Ofisi nzima ikanigeukia.

Mama Salima akanivutia kiti. "Kaa kwanza, mwanangu," akasema. "Unywe maji."