Siku Nilizojitibu Kama Ng'ombe Yangu

Wewe hapo, umeshawahi kuona ng'ombe imelala chini kama imekufa, shingo imejikunja ubavuni, masikio ya baridi, halafu ikapewa kalsiamu ikainuka yenyewe na kuanza kutafuta ndama yake? Mimi niliona. Niliona kwa macho yangu haya, hapa hapa Butiama nyuma ya nyumba yangu. Na hicho nilichokiona kilitaka kuniua.

Ngoja nianzie kwenye mkono.

Nilianguka zizini asubuhi, nimebeba ndoo ya maziwa. Kandambili yangu ya mguu wa kulia ilikuwa imelika mpaka inateleza kama sabuni. Nikakanyaga mavi mabichi, puu! Maziwa kule, mimi huku. Mkono wa kushoto ukalia ko, kama bua la mtama. Unajua nililia nini kwanza? Maziwa. Mkono nilikuja kuukumbuka baadaye.

Hospitali wakanifunga plasta ya mfupa. Kijana wangu mkubwa, yule wa Musoma mwenye duka la mabati na misumari, akaja na uso wa msiba. Akakaa kwenye stuli, akaangalia plasta, akaangalia paa, akasema, "Mama, mifupa yako imekwisha. Huwezi kukaa hapa peke yako tena."

"Nani yuko peke yake? Ng'ombe huioni?"

"Hiyo ng'ombe ndiyo imekuangusha."

"Imeniangusha kandambili. Usiisingizie ng'ombe, inakusikia."

Hakucheka. Huyu mtoto toka zamani hachekagi akiwa ameshaamua jambo. Akatoa kikopo cheupe mfukoni. "Hii ni kalsiamu, dawa ya mifupa. Kimoja asubuhi ukishakula, kimoja jioni ukishakula. Basi. Na ukianguka tena, mama, hata mara moja, ng'ombe inauzwa na wewe unakuja Musoma kwangu."

Nisikilize vizuri. Kwa kijana wangu siyo kubaya. Kuna maji ndani, kuna geti, kuna godoro mpaka unazama. Nilikaaga pale wiki mbili. Kila asubuhi naamka, sina cha kukamua, vidole vinajikamua vyenyewe kwenye shuka. Mkwe wangu ananiambia, "Mama, wewe pumzika." Nipumzike nini? Nimechoka nini? Mwanamke wa kwetu ukimwondoa kwenye zizi lake na jiko lake, hujampumzisha, umemlaza tu angoje kifo. Nikasema moyoni, Musoma siendi. Mnibebe kama gunia, lakini kwa miguu yangu siendi.

Basi nikameza vidonge. Nilimeza vizuri kabisa, kimoja na kimoja, nimeshakula. Vikubwa, vinakwaruza koo, vina ladha ya chaki. Chaki naijua, darasa la pili ndilo niliishia, na chaki tulikuwa tunailambaga.

Halafu ng'ombe ikazaa.

Ilikuwa likizo. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu wa Bunda, kule Kabasa, alikuwa amekuja kunisaidia. Yuko kidato cha tatu, mdomo wake kama wangu. Siku ya pili baada ya kuzaa akanikimbilia jikoni. "Bibi! Ng'ombe haiamki!" Nikaenda, nikakuta imelala, macho yanaangalia mbali. Nikaipiga kofi, haijali. Nikaivuta mkia, haijali. Mtoto akampigia simu bwana mifugo, akaja na pikipiki.

"Shikamoo bibi. Ulikamua yote?"

"Mpaka tone la mwisho, mura, kijana we. Mimi siachagi maziwa."

"Basi umeimaliza, bibi. Kalsiamu ya kwenye damu yote imekimbilia kwenye maziwa. Ndiyo maana miguu imegoma."

Nikashtuka. Kalsiamu! Si ndiyo ile ya kikopo changu?

Akatoa chupa kubwa, mjukuu akaishika juu, mpira ukaingia kwenye mshipa wa shingo. Yule bwana mifugo akapiga magoti, akabana sikio lake ubavuni mwa ng'ombe, mkono kwenye mpira, kimya. Mimi nilidhani anapumzika. Nikamwambia, "Mura, fungulia yote, unatuchelewesha." Akamnong'oneza mjukuu wangu kitu, mimi sikukisikia, na wala sikuuliza. Laiti ningeuliza!

Chupa ikaisha. Ng'ombe ikatetemeka, ikabeua, ikanya. Halafu ikainua matako, ikainua kifua, ikasimama! Ikamwita ndama. Nilipiga vigelegele mpaka mkono wenye plasta ukauma.

Usiku kucha naiwaza ile chupa. Mnyama mzito vile amesimama kabla hata maharage hayajaiva, kwa sababu amepewa chupa nzima. Mimi napewa kimoja na kimoja, kama kuku anayetupiwa punje! Kijana wangu anataka nipone au anataka nichelewe? Plasta ilikuwa karibu kutolewa. Nilitaka siku atakayokuja anikute nimebeba ndoo huku na ndoo huku, nimwambie karibu mwanangu, Musoma wasalimie.

Mjukuu akarudi shule. Mimi nikafungua kikopo. Vitatu asubuhi, vitatu mchana, vitatu jioni. Siku nikijisikia mnyonge, naongeza. Nilikuwa na kikohozi pia, nimepewa vidonge vya zahanati, navyo navitia humo humo, mkupuo mmoja na maziwa mgando. Niliona nafanya la maana sana.

Tumbo likafunga kama duka la Jumapili. Chooni nilikuwa naenda kusalimia tu. Nikashikwa na kiu, nakunywa maji, nakojoa, nakunywa tena. Dagaa ninaowapenda, wale wa Guta wakavu, nikiwasikia harufu moyo unachafuka. Kikohozi hakiondoki. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, ili waje na gari?

Binti yangu alikuja kutoka Kabasa kunisalimia saa nne asubuhi, akakuta ng'ombe inalia, haijakamuliwa, mimi nimekaa chini nimeegemea ukuta. Hakuuliza kitu. Alijua, maana mimi siachagi ng'ombe mpaka saa nne. Akanipeleka hospitali Bunda.

Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa wajukuu zangu, amesuka vizuri. "Bibi, unatumia dawa gani?" Nikasema hakuna, za mifupa tu kidogo. Sasa mjukuu wangu alikuwa ametoka shuleni kuja kuniangalia, akatoa kikopo kwenye mkoba wa mama yake.

"Bibi, hiki kilikuwa cha miezi miwili. Nilikisoma mwenyewe. Mbona kimebaki kinalia viwili?"

"Nimegawia."

"Nani?"

"Wageni."

"Wageni gani, bibi, walikuja kula kalsiamu?"

Nikaona nimeshikwa. Nikawasimulia habari ya ng'ombe, chupa, kusimama. Daktari alicheka mpaka akainama mezani. Halafu akaacha kucheka, akanipima damu na mkojo, akanitundikia maji.

Yale maji yalikuwa yanadondoka tone, tone, tone. Mimi sina subira. Nikamwambia mjukuu, "Hebu fungulia hiyo kitu iende haraka, nirudi kwangu." Akaniangalia kwa uso nisioujua.

"Bibi, unakumbuka bwana mifugo alivyoweka sikio kwa ng'ombe? Aliniambia, kalsiamu ikiingia haraka moyo wa ng'ombe unasimama, inakufa hapo hapo. Alikuwa anasikiliza moyo. Ndiyo maana alikwenda polepole."

Nimechunga ng'ombe maisha yangu yote, siku ile nikatazama chupa, sikutazama sikio.

Daktari akakaa kitandani kwangu, akanieleza kama mtu na mtu mwenzake. Kwamba mama akishakoma hedhi mifupa inapungua nguvu, na kalsiamu inamsaidia, hasa asiyeipata kwenye chakula. Kwamba ng'ombe yangu ilikuwa imeishiwa kwenye damu, ugonjwa wa ghafla, mimi damu yangu haikuishiwa kitu, kwa hiyo dawa yake siyo dawa yangu. Kwamba mwili unapokea kidogo kidogo, ndiyo maana ni kimoja na chakula, ukisharundika inayobaki inafunga tumbo, inachosha figo na kufanya mawe humo, na ikizidi kwenye damu hata moyo wa mtu unavurugika. Mwenye mawe kwenye figo asianze kabisa bila kuuliza. Na kikohozi changu? Kumbe kalsiamu inazikamata dawa nyingine tumboni isiziache zipite, na hiyo ya kwangu ilikuwa mojawapo. Ilitakiwa masaa katikati.

"Sasa hivi unaacha kabisa, bibi, mpaka damu ikae sawa. Unakula nini nyumbani?"

Nikamtajia. Maziwa kila siku, mgando, dagaa na mifupa yao, samaki furu wa kukaanga natafuna mpaka kichwa, mchicha, mlenda. Akaandika, akapiga hesabu zake. "Bibi, wewe chakula chako ni kalsiamu tupu. Baadaye huenda nikakupa kimoja tu kwa siku, au nisikupe. Vidonge ni vya kuziba pengo, na pengo lako ni dogo."

Umesikia? Pengo langu ni dogo!

Kijana wangu akaingia wakati huo huo, vumbi la Musoma bado lipo kwenye viatu. Hakunisalimia vizuri. "Umeona sasa, mama. Ng'ombe nimeshampata mtu wa kuinunua. Ukitoka hapa ni moja kwa moja kwangu."

Nikajiinua na mkono mmoja, mpira wa maji unaning'inia.

"Wewe ulipokuwa mdogo ulikunywa mafuta ya taa ukidhani ni maji. Nilikuhamisha nyumbani?"

"Mama, hayo siyo..."

"Nakuuliza. Nilikuhamisha?"

"Hapana."

"Nilihamisha mafuta ya taa. Nimekosea kipimo, nakubali, nimekosea kama mtoto. Basi hamisheni kikopo. Mimi niacheni."

Binti yangu akaangalia dirishani, mabega yanacheka. Kijana akamgeukia daktari akidhani atapata wa kumsaidia. "Daktari, mwambie. Mifupa yake si imekwisha? Si ataanguka tena?"

Daktari akasema vidonge havizuii mtu kuanguka. Kinachozuia ni kiatu, sakafu kavu, macho, na miguu yenye nguvu. Akasema mtu anayetembea na kufanya kazi yake juani mifupa yake inakaa vizuri kuliko aliyekalishwa kwenye kochi.

"Rudia, daktari," nikasema. "Huyu masikio yake yako Musoma."

Akarudia! Nilimpenda mtoto yule.

Kijana akatoa simu mfukoni. Akampigia yule mnunuzi akamwambia asubiri. Nikamwambia asisubiri, aende zake. Akamwambia aende zake.

Leo nina gambuti za mpira, nyeusi, mtu akinikuta zizini anadhani mimi ndiye bwana mifugo. Mlangoni mwa zizi pamepangwa mawe, pasiteleze. Mkono umepona, umepinda kidogo, haujali, unakamua. Ng'ombe ikizaa siku za kwanza siimalizi maziwa, naiachia na yake. Na mimi dozi yangu, daktari alipopima damu tena, ni kimoja tu, mchana, baada ya ugali, na nikipewa dawa nyingine nauliza kwanza zinapatana au zinagombana. Shoga zangu wa kanisani wakiniomba niwagawie, nawanyima. Mimi, kunyima mtu! Nawaambia nendeni mkapimwe, mimi sizijui figo zenu.

Lakini pale hospitalini, kijana wangu hakuondoka kabla ya kuuliza swali lake la mwisho. Alisimama mlangoni, sauti imeshuka, nikaona kumbe hakuwa na hasira, alikuwa anaogopa. "Na ukianguka tena, mama?"

Hata mimi naogopaga, sijasema siogopi.

Mjukuu wangu ndiye aliyejibu. Alinishika ule mkono wa plasta, akamwambia mjomba wake asikie, akaniambia mimi nisikie: "Bibi, siku ukianguka nitakuja mimi Butiama. Nitakaa chini na wewe pale pale ulipolala, niweke sikio, nikuinue polepole. Na hakuna mtu atakayekutoa pale kama hujasema mwenyewe."