Joho Lililokamilika Mapema

Siku ya kwanza kumwona Papa Marcellin, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chetu cha kazi hapa Bertrams, Joburg, kichwa cha cherehani begani kama mtu aliyebeba mbuzi, akiuliza kama kuna kona ya kushonea. Mimi napiga pasi. Mwenye chumba, Mama Benita, hushona magauni ya harusi. Yeye alikuwa bado anafikiri, mimi nikasogeza meza yangu tu.

"Merci, ndugu," akasema. "Mtu asiye na maneno mengi huwa na nafasi."

Alitoka Lubumbashi. Alishona majoho: ya wanakwaya, ya wachungaji, ya wahitimu wa chuo kikuu kule Braamfontein, ya mawakili. Vipimo hakuviandika. Alimpima mtu kwa uzi, akafunga fundo penye bega, fundo penye kifua, fundo penye urefu, kisha akautundika uzi ukutani. Asubuhi nikifungua mlango, upepo ukiingia, nyuzi zote zilitikisika, isipokuwa za waliokufa. Yeye ndiye aliyesema hivyo. Nilidhani ni utani. Nikaanza kuangalia, halafu nikaacha kuangalia.

Jambo moja hakulifanya kamwe. Joho la cheo hakulikamilisha kabla jina la mwenyewe halijatangazwa. Aliliacha bila kola.

"Kule kwetu nilimkamilishia mmoja aliyesubiri kuwa jaji," alituambia. "Akalivaa kwenye jeneza. Nguo ya cheo ikikamilika inataka mtu. Isipompata kwenye kiti, inamfuata kitandani."

Mama Benita akacheka. "Papa, basi magauni yangu yangekuwa yameua wachumba wote wa Joburg."

"Wachumba hufa baadaye, Mama. Polepole."

Mwaka jana akaja Mheshimiwa Mabitsela, mwanasiasa ambaye kila asubuhi alikuwa redioni akimpigia debe Wakili Sithebe awe jaji wa Mahakama Kuu. Alisema nchi inataka jaji aliyekulia kwenye vumbi. Akamleta wakili mwenyewe apimwe. Wakili alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mpole. Alikaa kwenye benchi letu akanywa chai, akamuuliza Papa Marcellin habari za watoto wake mmoja mmoja, na alipoaga alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Amenisalimia kama mtoto wangu," Papa Marcellin akasema, akautundika uzi wake.

Kabla wakili hajaitwa kuhojiwa na tume ya kuteua majaji, mheshimiwa alirudi na dereva. Alitaka kumvisha joho mbele ya watu kwenye mkutano wa hadhara mtaani Diepsloot, wapige picha. Akalinyanyua, akaona halina kola.

"Bado halijaisha?"

"Litaisha siku jina litakapotangazwa, mheshimiwa. Sasa hivi litamdhuru."

"Mzee, wewe ni fundi au nabii? Manabii wamejaa mtaa huu, mafundi ndio haba."

Hakuna aliyecheka isipokuwa dereva.

"Dereva atalifuata jioni," mheshimiwa akasema. "Kama halina kola, kesho fundi mwingine ataiweka. Ni kazi ya dakika chache."

Walipoondoka waliacha mlango wazi. Upepo wa Agosti ukaingia na vumbi lake, nyuzi zikaanza kucheza ukutani. Uzi wa Wakili Sithebe haukucheza. Ulining'inia umenyooka, kana kwamba kuna mtu ameushika kwa chini. Papa Marcellin aliutazama muda mrefu. Mimi pia niliutazama, na pasi ikaunguza shati la mtu.

Akakaa, akaishona ile kola. Alishona taratibu, kama anavyoshona siku zote. Alipokata uzi kwa meno, alisimama akalivaa joho.

"Papa, si lako hilo," Mama Benita akasema. Safari hii hakuwa anatania.

"Najua. Lakini limeisha, na ndani yake hamna mtu."

Lilimzidi. Pindo liliburuta sakafuni, mikono ikameza vidole. Alikaa nalo mchana kutwa mbele ya cherehani, bila kushona, bila kula. Wateja waliingia, wakamsalimia, wakashusha sauti bila kuambiwa. Jua lilipoinama alisimama, na nikaona mikono ya joho inaishia vizuri kwenye viganja vyake na pindo limeacha viatu wazi. Sijui kama ni yeye aliyekua au ni joho lililopungua. Akalivua, nikalipiga pasi. Lilikuwa baridi, na pasi haikulipasha joto.

Dereva akalichukua. Niliusukuma mlango uwe wazi zaidi, na uzi wa wakili ukatikisika pamoja na nyingine.

Wakili alilivaa Diepsloot, watu wakashangilia. Akahojiwa, akatangazwa. Leo ni jaji, mzima, na nasikia amenenepa. Papa Marcellin hakuugua ugonjwa wenye jina. Mwili wake ulikuwa baridi tu, tangu siku ile ya joho. Tulimzika Jumamosi, na kwaya aliyoishonea ilimwimbia.

Usiku wa kuamkia kifo chake nililala sakafuni kando ya kitanda chake. Alfajiri nilimpelekea uji, hakuugusa. Nilimwambia kuwa jaji amepiga simu, amesikia habari za kola, anauliza kama alichome lile joho. Alitabasamu kidogo, akafumba macho.

"Mwambie asiliogope, ndugu yangu. Limeshashiba."