Hina Kabla ya Januari

Msusi wa mtaani kwetu Kashai alikuwa ameshakoroga blichi kwenye bakuli. Binti yangu, aliyemaliza darasa la saba majuzi tu, alikaa kitini akitikisa miguu, ameshika simu yenye picha ya msichana mwenye nywele za kipilipili nyekundu. Alizitaka kama zile, leo hii, kwa sababu Januari shule itataka kichwa kilichonyolewa. Nilimwambia msusi asubiri, nikatoka nje kuvuta pumzi. Na wewe ndugu yangu, ukiniuliza mawazo yalinipeleka wapi, yalinipeleka Izigo.

Mimi pia niliwahi kuwa na likizo ile. Mliosoma shule zetu mnaijua: miaka saba unanyolewa, halafu mtihani unaisha, na kwa miezi michache hakuna mwalimu wa kukuwinda na mkasi. Wazazi walinipeleka kwa bibi, mama yake baba, kwenye kibanja chake cha migomba huko kijijini Izigo. Nywele zikaota, ngumu na za kujikunja, nami nilitaka kitu kimoja tu: ziwe nyekundu kabla hazijanyolewa. Jirani yetu wa Kashai, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, alikuwa amenifungia hina kwenye gazeti. Alinionya nisithubutu kugusa rangi za dukani, maana nywele changa hukatika.

Bibi alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari hata akimenya ndizi, na kwanza aliuliza kama padri atanipa komunyo na kichwa hicho. Kisha udadisi ukamshinda. Alikoroga hina kwa chai ya rangi, akanipaka, akababua jani la mgomba motoni mpaka likalainika kama la kufungia chakula, akanifunga nalo kichwa. Ilinichuruzikia shingoni, ikinuka majani mabichi, nami sikutulia hata kidogo. Nilizunguka migomba, nikachota maji, nikarudi kuuliza kama bado. Alipoiosha alinipaka samli nywele zisikauke, akazichambua kwa vidole. Kitana alikificha; alisema nywele kavu hazichanwi, zinang'olewa.

Kioo kilikuwa kimoja, kidogo kama kiganja, kimepigiliwa ukutani jikoni penye moshi. Nikajitazama. Nyeusi tii.

Hina iliyobaki bibi alijipaka mwenyewe kwenye mvi zake, eti isiharibike. Za kwake ziliwaka mara ile ile, rangi ya chungwa. Jumapili alikwenda misani, na kitambaa chake ambacho hakikuwahi kuteleza, siku hiyo kikawa kinateleza kila dakika. Nilimwonea wivu bibi yangu mwenyewe, nakuambia kweli.

Tukarudia, na tukarudia tena, maana jirani alikuwa amesema hina inakolea kidogo kidogo. Msimu wa senene ukafika. Tulikaa uani tukiwanyonyoa mabawa, na wapita njia wakasema nywele zangu zimekuwa nyekundu. Niliona wananitania, kwani nikikimbilia kioo kule jikoni nakuta weusi ule ule. Siku zilikuwa zinaisha na usingizi ulikuwa haunijii. Nikaanza kumsumbua bibi aniruhusu nitie rangi ya dukani hata zikikatika, kwani si zitanyolewa tu?

"Waitu, mjukuu wangu," alisema bila kuacha senene wake, "maharage hayaivi kwa kufunuafunua chungu. Na nywele ni zako hata kama ni za mwezi mmoja."

Asubuhi ya safari ya shule alinikalisha kwenye kigoda uani, jua limeshapanda, akaanza kukata. Nilifumba macho kwa hasira, nina hakika likizo yangu imepotea bure. Nilipoyafumbua, nywele zilikuwa chini kwenye mwanga, rundo zima, laini, zimejikunja, nyekundu kama udongo wa barabara ya Muleba. Kumbe muda wote nilikuwa nazo. Nililia mpaka bibi akaacha kucheka. Alizikusanya, akazifukia kwenye shina la mgomba, maana nywele za mtu haziachwi zikakanyagwa.

Bibi hayupo tena. Mgomba ule uliondoka na ugonjwa wa mnyauko pamoja na wenzake, kibanja kimegawanywa, na palipokuwa jiko pana nyumba ya mtu nisiyemjua. Hata jani la kubabua, hapa Kashai utalibabulia wapi? Tunavaa kofia za plastiki.

Nilirudi ndani nikamwomba msusi aiweke kando blichi yake, tukaagiza hina dukani. Binti alinuna. Akakaa, akainuka, akauliza kama bado, akakaa tena. Alasiri, baada ya kuoshwa na kupakwa mafuta, alijitazama kwenye kioo kikubwa cha saluni, kule ndani kwenye kivuli, machozi yakamlengalenga.

"Mama, mbona sioni kitu?"

Nilichukua kioo cha mkono cha msusi, nikamshika mkono, nikamtoa nje kwenye jua, bodaboda wakitupigia honi tuwapishe. Nikamwinulia kioo.

"Tazama," nikamwambia. "Tazama sasa, zikiwa bado kichwani."