Nilificha Jina Lake, Nikamwacha Ng'ombe Wake

Kosa ni langu. Simsingizii shetani wala mtandao, na haya ninayokuambia hapa hata mke wangu nimempa nusu tu.

Mimi ni mhandisi wa programu za kompyuta, nakaa Bariadi. Nilikuwa naongoza wahandisi wenzangu wanne, tukatengeneza programu ya kuviunganisha vyumba vya habari na wananchi. Mkulima anatuma ujumbe hata kwa kitochi, mwandishi wa redio anaupokea, wanaulizana na kujibizana, na jina la mkulima linafichwa. Ilikuwa programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na redio yoyote inaweza kuuchukua bure. Jamani, nilivimba kichwa!

Katika majaribio tulipata ujumbe mmoja mzito kutoka Lalago. Mzee mmoja, nitamwita Masunga ingawa siyo jina lake, aliandika kwamba dawa ya pamba inatolewa kwa wizi kwenye ghala la chama chao cha ushirika, kisha madumu yanajazwa maji na kugawiwa wakulima. Alikuwa mmoja wa wenye mikokoteni walioitwa kuyasomba. "Maksai wangu wa pembe moja alikwama kwenye tope," aliandika, "dumu likaanguka likapasuka. Nikanusa, ni maji matupu. Naomba msinitaje, mtunza ghala ni jirani yangu."

Naomba msinitaje! Niliyasoma maneno hayo kwa macho yangu mawili.

Uzinduzi ulikuwa Ijumaa. Ndani ya programu tulihitaji ujumbe wa mfano, ili vyumba vya habari vya mbali vikiifungua vione inavyofanya kazi. Mwenzetu Neema alikuwa ametunga mifano yake: daraja limevunjika, kisima kimekauka. Niliiona imepoa kama ugali wa jana. Nikaifuta, nikaweka ujumbe wa kweli, wa Masunga ukiwa wa kwanza.

Neema ni mtu wa Tanga. Ng'ombe kwake ni nyama ya buchani. Lakini ndiye aliyeniuliza.

"Kaka, huyu baba si tumemwahidi?"

"Jina nimetoa. Namba nimetoa. Kijiji nimetoa."

"Na huyu ng'ombe wa pembe moja?"

Nikacheka mbele ya wenzake. "Neema, ng'ombe hana namba ya simu!"

Mimi, Msukuma, ndiye niliyesema hivyo! Mimi niliyechunga Shishiyu utotoni, ambako ng'ombe akipita njiani watu wanajua ni wa nani kabla hawajamwona anayemswaga. Nilijua. Nilitaka tu makofi ya Ijumaa.

Na nikayapata. Ukumbi ulisimama. Watu wakapeana kiungo cha programu kwenye makundi ya WhatsApp, kila mtu akafungua kwenye simu yake. Kumbe na Lalago walifungua.

Siku ya tisa mwandishi wa redio aliyepokea ujumbe wa Masunga akanipigia. Hakunisalimia hata. "Umefanya nini wewe? Maksai wa yule mzee amekatwa mishipa ya miguu malishoni!"

Ilibidi achinjwe. Kwetu ng'ombe akipata ajali, majirani wanakuja kuinunua nyama ile ile siku hiyo, wenye njaa na walioshiba, kumpoza mwenzao. Kwa Masunga hakuja mtu. Nyama ilikaa juu ya majani mpaka jua likaelekea kuzama, inzi tupu. Hapo mzee akajua kwamba ametengwa, maana mtunza ghala alikuwa na ndugu na marafiki wengi, na wasio marafiki zake waliogopa.

Nilikwenda. Mungu wangu, laiti nisingekwenda! Nilimkuta mkewe ameinamia jiko.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

Aliitikia bila kuinua macho. Masunga alikuwa ameketi kwenye mkokoteni wake, maksai mmoja aliyebaki amefungwa pembeni. Mvua za kulimia zilikuwa zimekaribia, na jembe la kukokotwa halivutwi na ng'ombe mmoja. Nani angemwazima wa pili?

"Wale wa redio nilikuwa nawaamini," akasema. "Ilitokaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Wallahi nilikuwa nimejiandaa! Nikafungua mdomo, nikajisikia nasema, "Tulidukuliwa, baba. Kuna watu waliingia kwenye mfumo wakaiba."

"Watu wa wapi?"

"Wa mbali."

Akatikisa kichwa kwa kunihurumia. Kunihurumia mimi! "Wabeja, ng'wanone, asante mwanangu kwa kuja. Wengine hata salamu hawaniletei." Akamwita mkewe anipe maji ya kunywa, na mimi nikayanywa.

Uongo huo huo nikauandika kwenye tangazo kwa redio zote. Neema alilisoma, akanitumia picha moja bila neno. Kwenye programu huria kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya. Pale pale, mbele ya ujumbe wa Masunga, palikuwa na jina langu, siku na saa. Asubuhi iliyofuata Neema alikuwa ameacha kazi, na wenzake wakamfuata.

Nimeufuta ujumbe ule, lakini redio za mbali zilikwisha kunakili programu yote. Hapa kwetu hakuna mkulima anayetuma kitu tena. Masunga alihamia kwa wakwe zake, shamba la pamba likiwa halijalimwa. Nasikia mpaka leo anawaambia watu kwamba waliomuumiza ni wezi wa mtandaoni, na kwamba mhandisi mwenyewe alikuja kumpa pole.

Ninyi mnaopokea siri za watu, wahandisi na waandishi, nawasihi: kufuta jina si kumficha mtu. Mtu ni ng'ombe wake, ni tope aliloliona yeye. Na yule anayekuuliza swali la kijinga mbele ya wenzake, msikilize!

Mhariri, naomba usinitaje. Ndiyo, najua ninachoomba. Barua hii nimeisoma mara nne nikitafuta kitakachonitambulisha, nikafuta hiki na kile, kwa uangalifu ambao yule mzee sikumpa hata dakika moja.